Kutaja Vyanzo na Wizi wa Kitaaluma katika Uandishi wa Historia ya Ukanda wa Ziwa Viktoria: Mifano kutoka Mwanza, Uzinza ya Sengerema na Ukerewe

Katika ripoti za utafiti za wanafunzi wa historia wanaoandika kuhusu Mwanza na wilaya zake, kuna sentensi inayorudi mara kwa mara karibu bila kubadilika: kwamba jina la Mwanza limetokana na neno nyanza, yaani ziwa, ambalo Wajerumani walishindwa kulitamka. Sentensi hiyo hutanguliwa na neno "inasemekana", na baada yake hapafuati jina la msemaji, wala kitabu, wala ukurasa. Msomaji huipokea kwa sababu ameshaisoma kwingine. Kule kwingine nako iliandikwa kwa sababu hiyohiyo.

Ni vyema kuirudisha sentensi hii kwenye vyanzo. John Hanning Speke aliliona ziwa hilo tarehe 3 Agosti 1858. Maelezo ya safari yake yalichapishwa mwaka 1859 katika jarida la Blackwood's, kisha yakaingia katika kitabu chake cha mwaka 1864, na humo mahali alipofika anapaita Muanza. Wajerumani walianzisha kituo chao hapo mwaka 1892. Huenda asili ya jina hilo ni nyanza kweli. Hilo ni swali ambalo wanaisimu wana haki ya kulijibu. Lakini ulimi wa Mjerumani hauwezi kuwa sababu ya jina lililokwisha kuandikwa miaka 34 kabla ya kituo chake kujengwa. Kosa hili si la mtu mmoja, na hakuna mwanafunzi anayestahili kuadhibiwa kwa ajili yake peke yake. Limezaliwa na desturi ya kunakili bila kutaja, na limedumu kwa sababu sentensi isiyo na chanzo haina mahali pa kushikwa ili ihojiwe.

Makala hii inachunguza desturi hiyo katika ukanda wa kusini wa Ziwa Viktoria, hasa Uzinza, nchi ambayo sehemu yake ya mashariki leo imo katika wilaya ya Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Mtafiti anayetoka Mwanza mjini huvuka maji kwa kivuko cha Kamanga au, tangu Juni 2025, hupita juu ya daraja la Kigongo–Busisi. Historia ya eneo hili imesimuliwa zaidi kuliko ilivyoandikwa, na ilipoandikwa, mara nyingi iliandikwa na wageni. Kwa sababu hiyo swali la nani alisema nini, na nani aliandika kwa kinywa cha nani, lina uzito wa pekee hapa.

Speke na mashahidi wake

Speke hakuwa mwanahistoria, na alikuwa mwepesi wa kufikia hitimisho. Hata hivyo alifanya jambo moja ambalo ripoti nyingi za leo hazifanyi: aliwataja mashahidi wake. Msomaji wa maelezo yake anajua kwamba habari za ukubwa wa ziwa alizipata kwa Mahaya, mtawala wa Muanza, na kwa Mansur bin Salim, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa huko. Anajua pia kwamba Speke mwenyewe aliiona ncha ya kusini tu, na kwamba sehemu kubwa iliyobaki ni maneno ya watu.

Richard Burton, aliyebaki Kazeh (Tabora ya leo), alikataa hitimisho la mwenzake kwamba hapo ndipo Mto Nile unapoanzia. Sehemu ya hoja yake ilihusu njia ambayo habari zilipitia. Speke alizungumza na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani kisichokamilika. Bombay akageuza kwa Kiswahili. Kisha maneno yakageuzwa tena kwa lugha ya mwenyeji, na jibu likarudi kwa njia ileile. Burton aliuliza ni kiasi gani cha maana kilichosalimika safarini. Historia imeonyesha kwamba kuhusu ziwa na mto, Speke ndiye aliyekuwa sahihi. Hata hivyo swali la Burton lilikuwa halali, na liliwezekana kuulizwa kwa sababu tu mnyororo wa wasemaji na wakalimani ulijulikana. Kama Speke angeandika "inasemekana ziwa ni kubwa", mjadala ule usingekuwa na pa kuanzia.

Jambo hili linawahusu moja kwa moja watafiti wa Sengerema. Wazinza wanaishi pamoja na Wasukuma waliohamia kwa wingi kutoka mashariki ya ghuba, hasa katika karne ya 20, na wengine kutoka visiwani. Mzee anaweza kusimulia kwa Kizinza, mjukuu akatafsiri kwa Kisukuma au Kiswahili, na mwanafunzi akaandika kwa Kiswahili sanifu kile alichokielewa. Ripoti ikifika mezani kwa msimamizi, mkalimani ameshatoweka. Hakuna anayemhesabu kuwa chanzo, ilhali maneno yaliyowekwa kwenye alama za kunukuu ni yake kuliko yalivyo ya mzee.

Shahidi mmoja anapohesabiwa watatu

Maandishi ya kwanza marefu kuhusu ufalme wa Wahinda wa Uzinza yalitoka kwa wamisionari. Padri van Thiel wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wanawaita Mapadri Weupe, alichapisha makala kwa Kijerumani katika jarida la Anthropos mwaka 1911. Miaka 60 baadaye, mwaka 1971, yalichapishwa maelezo ya Betbeder kuhusu ufalme huohuo. Kati ya hao wawili kuna maofisa wa kikoloni walioingiza habari za kale katika vitabu vya wilaya, ofisa mmoja akiendeleza kurasa za mwenzake aliyemtangulia, mara nyingi bila kutaja jina la mzee aliyesimulia. Nyaraka zinazohusu Sengerema hazikukusanywa chini ya jina hilo, kwa kuwa wilaya yenyewe iliundwa baada ya uhuru. Mtafiti huzitafuta chini ya Mwanza, Geita na Uzinza. Mwaka 1981 Svein Bjerke alitoa kitabu kuhusu dini ya Wazinza na imani ya Bachwezi.

Mwanafunzi akikuta orodha ya watawala inayofanana katika maandishi mawili au matatu kati ya haya, hushawishika kuandika kwamba vyanzo mbalimbali vinakubaliana. Hapo ndipo kutokutaja chanzo kunapogeuka kutoka kosa la adabu na kuwa kosa la ushahidi. Kabla ya kuhesabu mashahidi ni lazima ajue kama aliyeandika baadaye alikwenda kwa wazee au alikwenda kwenye kitabu cha mwenzake. Ikiwa wa pili amenakili kutoka kwa wa kwanza, na wa tatu kutoka kwa wa pili, basi shahidi ni mmoja, na huenda naye alisimuliwa alasiri moja tu na mtu mmoja wa ukoo wenye maslahi yake.

Tatizo huzidi pale kitabu kinaporudi kijijini. David Henige, alipochunguza pwani ya Wafante nchini Ghana katika makala ya mwaka 1973, alionyesha jinsi masimulizi ya wazee yalivyoweza kubeba habari zilizotoka katika vitabu vilivyochapwa. Mzee aliyesoma shule ya misheni, au aliyesikia mwalimu akisoma kwa sauti, husimulia kile kilichoandikwa akiamini kwamba ni urithi wa babu zake, na pengine sehemu yake ni urithi kweli. Katika Usukuma jirani, Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1951 kitabu kuhusu utemi na mwaka 1953 kitabu kuhusu sheria na mila za Wasukuma. Kazi yake ilitegemea mikutano na watemi na wazee, yaani maneno ya wengi yaliyopatanishwa kuwa kanuni moja. Anayemhoji mzee leo kuhusu mahari au urithi, bila kumuuliza amezipata wapi habari zake, anaweza kurudi nyumbani na Cory aliyevaa kanzu ya mapokeo simulizi. Swali "Baba, haya uliyasikia kwa nani?" si utovu wa heshima likiulizwa kwa heshima. Wazee wengi hulifurahia, maana huwapa nafasi ya kuwataja waliowalea.

Mwandishi wa Kagunguli

Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Ukerewe, kuna mfano ambao ungepaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa historia wa ukanda huu. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mjukuu wa Omukama Machunda wa ukoo wa Wasilanga. Alisoma misheni ya Kagunguli na seminari ya Rubya, akajua lugha kadhaa za Ulaya, na kwa miaka mingi akaitumikia misheni. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu maisha ya Wakerewe kabla ya ukoloni. Pamoja na riwaya hiyo aliandika pia habari za historia ya watawala wa Bukerewe. Kazi hizo zilikaa bila kuchapishwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti. Walimkuta Kitereza akiwa mzee, nao walimhimiza aitafsiri riwaya yake kwa Kiswahili. Hartwig alitumia maarifa na maandishi yake katika utafiti uliozaa kitabu cha mwaka 1976 kuhusu Wakerewe na biashara ya masafa marefu katika karne ya 19. La kuzingatia hapa ni kwamba alimtaja. Hakumtaja kama "mtoa taarifa mmoja wa Ukerewe". Alimtaja kwa jina, kama mwandishi mwenye miswada yake. Mwaka 1972, miaka minane kabla ya riwaya kuchapishwa, Hartwig na mkewe walikwishatoa makala iliyomtambulisha Kitereza kwa wasomaji wa fasihi ya Kiafrika kuwa ni mwanariwaya.

Mtu anaweza kusema kwamba kutajwa hakumlishi mzee, na ni kweli. Kitereza hakutajirika. Riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Husimuliwa kwamba alifariki kabla nakala hazijamfikia. Habari hii imerudiwa na wengi, nayo inastahili kuulizwa swali lilelile lililoulizwa kuhusu jina la Mwanza. Lakini tofauti kati ya kutajwa na kutotajwa inaonekana kwa yaliyofuata. Kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshikamanishwa na maandishi yake, watu walijua pa kuyatafuta. Wilhelm Möhlig aliitafsiri riwaya kwa Kijerumani katika juzuu mbili, za mwaka 1991 na 1993. Mwaka 2002 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mwenyeji wa Ukerewe, aliyerudi kwenye mswada wa Kikerewe. Kama maarifa ya Kitereza yangemezwa ndani ya kitabu cha profesa bila jina, haielekei kwamba mtu angekwenda Kagunguli kuuliza habari za mswada.

Mfano huu unafundisha pia jambo dogo la kiufundi ambalo hupuuzwa. Kazi ya Kitereza ina sura kadhaa, zikiwemo mswada wa Kikerewe, Kiswahili alichokiandika mwenyewe, Kijerumani cha Möhlig na Kiingereza cha Ruhumbika. Mwanafunzi anayesoma Kiingereza, akakigeuza kwa Kiswahili chake, kisha akaweka chini yake "Kitereza, 1980", amesema jambo lisilo kweli. Maneno hayo hayamo katika kitabu cha mwaka 1980.

Wizi usioonekana na programu

Vyuo vingi sasa hupitisha tasnifu katika programu za kupima ufanano kabla ya kuzipokea, na mwanafunzi hutia saini ikirari kwamba kazi ni yake. Hatua hizi zina faida. Zimepunguza ule unakili wa wazi ambapo sura nzima ya ripoti ya mwaka uliopita huchapwa upya katika duka la steshenari kwa kubadilisha jina la wilaya. Lakini programu hulinganisha mfuatano wa maneno na maandishi yaliyomo katika hazina yake. Haijui historia, na kwa kawaida haivuki mpaka wa lugha.

Kwa hiyo aina mbili za wizi zinazouhusu zaidi ukanda huu huipita bila kuguswa. Ya kwanza ni tafsiri. Aya ya Ralph Austen kuhusu utawala wa Wajerumani na Waingereza kaskazini-magharibi mwa Tanzania, iliyochapishwa mwaka 1968, ikitafsiriwa kwa Kiswahili bila kutajwa, inaweza kuonekana kwa mashine kuwa maandishi mapya kabisa. Wakati mwingine mwanafunzi huona hata fahari, kwa kuwa amefanya kazi ngumu ya kutafuta istilahi. Kazi hiyo ni ya kweli, na inastahili kuheshimiwa kama kazi ya tafsiri. Hoja bado ni ya Austen. Tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili zimo hatarini hapa kuliko za Kiingereza, kwa sababu sehemu kubwa ya maandiko ya awali kuhusu ukanda huu yako katika Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Msimamizi asiyeyajua maandiko hayo hana namna ya kuyatambua.

Ya pili ni masimulizi. Mzee wa Sengerema hayumo katika hazina ya programu yoyote. Mwanafunzi anaweza kukaa naye saa tatu, akachukua mpangilio wake wa matukio, mifano yake, hata mizaha yake, na kuviandika kama uchambuzi wake mwenyewe. Katika sura ya mbinu za utafiti mzee atahesabiwa ndani ya idadi: wazee kumi na wawili walihojiwa. Katika sura ya matokeo atakuwa amekwisha kuyeyuka. Ikiwa Kitereza aliyejua kuandika alihitaji kutajwa ili asipotee, asiyeandika anahitaji zaidi.

Jina litajwe au lifichwe

Hapa hutokea mgongano wa kweli, na haufai kufunikwa. Kanuni za maadili ya utafiti zinazotumika vyuoni zimeathiriwa sana na utafiti wa afya na wa jamii, ambako kumlinda mhojiwa ni kumficha. Mwanafunzi wa historia huchukua fomu hizohizo, na matokeo yake ni "Mzee A, miaka 78, Sengerema". Kwa mgonjwa, hilo ni ulinzi. Kwa mzee aliyesimulia historia ya ukoo wake kwa kujivuna, hilo ni kunyang'anywa.

Lakini haiwezekani kusema kwa ujumla kwamba majina yote yatajwe. Katika Usukuma na maeneo jirani, tuhuma za uchawi zimewaua watu wengi, hasa wanawake wazee. Simeon Mesaki ameliandikia jambo hilo kwa kina katika miaka ya 1990. Mwanamke mzee anayesimulia kuhusu tiba, mizimu au Bachwezi anaweza kuhatarishwa na ripoti iliyowekwa wazi katika intaneti, ambako mjukuu wa jirani ataisoma kwa simu. Masimulizi ya nani alitangulia kufyeka pori fulani nayo ni ushahidi katika migogoro ya ardhi, na jina likishaandikwa haliwezi kurudishwa.

Njia iliyo sahihi ni kumuuliza msimulizi mwenyewe, mapema, kwa lugha anayoielewa, na kumweleza kwamba ripoti itasomwa na watu asiowajua. Akitaka jina lake liandikwe, liandikwe kamili katika tanbihi, pamoja na kijiji, tarehe ya mazungumzo, lugha iliyotumika na jina la mkalimani ikiwa naye ameridhia. Akitaka kufichwa, afichwe, na ripoti iseme wazi kwamba jina limefichwa kwa ombi lake, ili msomaji asidhani kwamba mtafiti alisahau au alibuni. Akitaka sehemu moja ya maneno yake ibaki na jina na nyingine isiwe nalo, hilo nalo linawezekana, ingawa litamgharimu mwandishi kurasa chache za uangalifu.

Linabaki suala la kinasa sauti na daftari. Ripoti inapopokelewa, nakala yake huingia maktaba na katika hazina ya mtandaoni. Rekodi za mahojiano hubaki katika simu ya mwanafunzi, na simu hupotea au huuzwa. Mtafiti wa baadaye akitaka kujua kama Mzee A wa tasnifu moja ndiye Mzee C wa nyingine, hana pa kuuliza, na anaweza kumhesabu mtu mmoja kuwa wawili. Idara za historia zingeweza kupokea, pamoja na tasnifu, bahasha iliyofungwa yenye majina ya wasimulizi na herufi walizopewa, ikahifadhiwa kwa masharti waliyoyakubali wenyewe.